Kamera ya mtumba, laptopu ya RAM 8GB, na video inayotazamika

Anayeanza kurekodi video huambiwa maneno yale yale: tafuta kamera ya 4K, ongeza RAM, lipia programu kubwa. Ushauri huu unawaumiza watu, na wengi wanaoutoa hawajafungua hata faili moja la mlalamikaji kuona tatizo liko wapi. Mimi narekodi mahojiano na masomo huku pwani, kwenye sebule na madarasa ya kawaida, kwa Canon 700D iliyotumika na laptopu ya Core i5 isiyo na kadi ya picha ya peke yake. Programu ya kuhariri ni DaVinci Resolve ya bure. Kazi inatoka safi, na sehemu kubwa ya usafi huo ni mipangilio, si fedha.

Nilichagua 700D, kamera ya mwaka 2013, kwa sababu moja kuu: ina tundu la maiki la milimita 3.5. Wauzaji watakusukumia 1300D au 2000D kwa kuwa ni mpya zaidi na bei zinakaribiana, lakini hizo hazina tundu la maiki kabisa. Ukishainunua, umejifunga na sauti ya maiki ndogo iliyo ndani ya kamera, inayonasa mlio wa lenzi na mwangwi wa chumba. Kwa kamera na lenzi yake ya 18-55 nililipa shilingi laki sita za Tanzania na ushee. Bei inategemea muuzaji na unavyojua kukagua.

Kukagua kwenyewe: fungua lenzi, mulika tochi kutoka nyuma, utazame kwa mbele. Pwani yetu ina unyevu, na fangasi hujijenga ndani ya vioo kama nyuzi za buibui. Ukiziona, rudisha lenzi hata kama bei ni ya kutupa. Kisha funika lenzi, rekodi nusu dakika kwa ISO (usikivu wa mwanga) ya 1600, ukatazame kwenye skrini kubwa. Nukta za rangi zisizohama ni ugonjwa wa kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea picha. Ukishainunua, ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vijipakiti vya silika jeli. Usitumie mchele, una vumbi.

Lenzi ya 50mm f/1.8 inasifiwa kila mahali. Picha zake ni nzuri kweli, lakini kwenye 700D inabana kama 80mm, na kwenye sebule ya mita tatu utajikuta mgongo uko ukutani na mgeni bado anaonekana uso tu. Kwa vyumba vyetu, 24mm f/2.8 STM inafaa zaidi. Kama hela haipo, baki na 18-55 na umsogeze mtu karibu na dirisha.

Sasa taa. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, kwa hiyo taa za tyubu na LED nyingi za bei nafuu hupiga mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona: mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha. Ingia kwenye menyu, badilisha mfumo wa video kutoka NTSC kwenda PAL, rekodi fremu 25 (picha moja moja) kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Hapo kila fremu inapata mipigo miwili kamili ya taa na mistari inaisha. Kwa 1/60 kila fremu inapata mpigo mmoja na kipande, ndiyo maana mwanga unachezacheza. Nimeona watu wakibadilisha balbu za nyumba nzima kwa jambo hili.

Usiiachie kamera ipime mwanga yenyewe. Mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, kamera itaangalia weupe wote ule na kumtia uso giza. Weka kila kitu kwa mkono, pima kwa uso, na msogeze mgeni mita mbili kutoka ukutani. Kanzu ikizidi weupe kidogo begani, si neno. Uso ndio unaotazamwa.

Kilichonipa kazi kuliko vyote ni video za simu, maana mara nyingi simu ndiyo kamera yangu ya pili. Unaweka video ya simu na ya kamera pamoja, mwanzo vinakwenda sawa, lakini kufika dakika ya kumi midomo inasema hili na sauti inasema lile. Niliambiwa laptopu ni dhaifu. Niliongeza RAM kutoka 4GB hadi 8GB. Programu ikawa nyepesi, lakini midomo haikurudi mahali pake hata kidogo. Nikaambiwa nikate sauti na kuisukuma. Nilijaribu: ukisukuma sehemu moja ikakaa, dakika mbili mbele imeshaachana tena, na si kwa kiasi kile kile. Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Tatizo lingekuwa la kompyuta, faili hilo hilo lingechezwa sawa kwenye kompyuta ya mwingine. Halikuchezwa.

Sababu ni kwamba simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja. Unaandikiwa fremu 30, lakini mgeni akiinama kivulini simu inashusha hadi 24 au chini ya hapo ili kila fremu ipate mwanga zaidi, kisha inapanda tena. Sauti yenyewe inakwenda kwa saa, haishuki wala haipandi. Programu ya kuhariri ikilichukua faili hilo kana kwamba fremu zote zina urefu sawa, picha inavutika au inabanwa, na sauti inabaki. Ndiyo maana pengo linakua zaidi sehemu zenye giza. Fungua faili kwa MediaInfo, programu ya bure. Ukiona kwenye mstari wa Frame rate mode pameandikwa Variable, umeshampata mwizi.

Dawa ni HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, nayo ya bure. Weka faili, nenda sehemu ya Video, chagua H.264 (namna ya kubana video), kwenye Framerate acha ile ile ya asili lakini uguse Constant Framerate, ubora RF 18 au 20. Faili jipya litakuwa kubwa kuliko la kwanza, na linachukua muda, basi niliacha likijisaga nikifanya kazi nyingine. Nililipeleka kwenye Resolve: midomo na sauti vikaenda pamoja mwanzo hadi mwisho, kwenye laptopu ile ile iliyosemwa ni dhaifu. Anayetumia Shotcut ana bahati, kwa kuwa programu hiyo hulitambua faili la namna hii na kujitolea kulibadilisha yenyewe.

Afadhali zaidi ni kuzuia tangu mwanzo. Programu ya Blackmagic Camera ipo bure kwa iPhone, na kwa Android tangu 2024. Inakuruhusu kufunga fremu 25 na shata 1/50, hivyo simu inalingana na kamera. Simu isiyoikubali, jaribu Open Camera. Chagua H.264 badala ya HEVC. HEVC, namna nyingine ya kubana video, inaokoa nafasi lakini laptopu ya zamani inahema nayo.

Resolve kwenye laptopu ndogo inataka utaratibu. Kabla ya kuingiza faili lolote, weka fremu 25 kwenye mipangilio ya mradi, kwa sababu ukishaingiza haibadiliki. Weka ukubwa wa mradi 1280 kwa 720 wakati wa kuhariri. Watu wanaogopa hapa, lakini Resolve inashika faili la asili. Siku ya kutoa video unarudisha 1920 kwa 1080 na maandishi yanakaa palepale yakiwa makali. Resolve ilikuwa ikinitolea ujumbe kwamba kumbukumbu ya picha imejaa, na hili peke yake ndilo lililouondoa. Kisha chagua faili zote, bofya kulia, Generate Proxy Media (kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria), ukiwa umeweka robo ya ukubwa, na kwenye menyu ya Playback uchague Prefer Proxies. Wakati wa kutoa, hakikisha kisanduku cha kutumia proksi hakijawekwa alama. Mwenye RAM 4GB asihangaike na Resolve. Shotcut na Kdenlive zina proksi pia.

Sauti nanasa kwa Boya BY-M1, maiki ya kubana nguoni niliyoinunua kwa elfu arobaini hivi, ikiingia kwenye simu ya pili iliyo mfukoni mwa mgeni. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Maiki hii ina swichi: kwa simu ikae upande wa simu, betri haitumiki, kwa kamera isukume upande wa pili, na hapo betri ya LR44 ikiisha hupati kitu. Mafundi wengi wameletewa maiki nzima wakaambiwa imekufa. Ibane shubiri moja chini ya kidevu. Kwa mwenye mtandio, iweke juu ya ukingo wa nje wa kitambaa, kamwe si chini yake, maana msuguano ule hausafishiki. Piga makofi mara moja mbele ya kamera, halafu Resolve italinganisha yenyewe kwa Auto Sync Audio. Feni izimwe mgeni anapojibu. Chumba chenye vigae na kuta tupu, simamisha godoro nyuma ya kamera. Mwangwi unapungua papo hapo.

Kadi za kumbukumbu, zipime zote kwa H2testw kabla ya kazi. Kadi bandia ya 64GB inaweza kuwa na 8GB za kweli, na inaendelea kupokea video bila kulalamika huku ikizipoteza.

Wakati wa kutoa, H.264, kilobiti 10,000 kwa sekunde, inatosha kwa YouTube: kama MB 75 kwa dakika. Nakala ya mteja kutazama kwanza naitoa kwa 720p, kilobiti 2,000, ambayo ni MB 15 kwa dakika, hivyo haimlizi bando. Kwenye WhatsApp itume kama hati, usiitume kama video, la sivyo itabanwa upya na mteja atakupigia simu kulalamikia ukungu ambao hukuuweka wewe.