Siku tuliyonoa kisu cha mashine ya kupunguzia ngozi

Ngozi iliingia upande mmoja ikiwa nzima, ikatoka upande wa pili ina matundu. Hivyo ndivyo mashine yetu ya kupunguzia ngozi ilivyotupokea, mashine kuukuu tuliyoipata kutoka karakana iliyofunga kazi, na kufikia asubuhi ile mimi na mwenzangu tulikuwa hatusikilizani tena. Yeye alishikilia kwamba rola haivuti. Mimi niliona mguu wa kuikandamizia ngozi umekaa upogo. Kila mmoja alikuwa na bisibisi yake, na kila skrubu tuliyoigeuza iliuhamisha ugonjwa tu: mara ngozi inakwama, mara inakatika ukingoni, mara inatoka na mawimbi.

Kwa asiyeijua mashine hii, kazi yake ni kupunguza unene wa ngozi kwenye kingo, ili ukikunja au ukishona vipande viwili pamoja pasitokee uvimbe. Ngozi ya milimita 1.4 ukiikunja inakuwa 2.8, na mkoba wenye kingo za namna hiyo hauuziki. Ukiipunguza mpaka 0.7 kwenye mkunjo, unene unarudi palepale. Kwa mkono hufanywa kwa kisu bapa juu ya kioo au kipande cha marumaru, na mwenye mkono mwepesi huifanya vizuri kuliko mashine yoyote. Lakini sisi tulikuwa na rundo la mikoba ya kumaliza, na mikono ya kawaida.

Kisu cha mashine si bapa. Ni bomba fupi la chuma, kama kikombe kilichotolewa kitako, lililolala ubavu na kuzunguka kwa kasi, na makali yako kwenye mdomo. Ngozi unailaza uso juu, nyama chini. Juu yake unakaa mguu unaoikandamiza; chini yake kuna rola ndogo iliyoingia kidogo ndani ya mdomo wa kisu, ndiyo inayoisukuma. Ngozi unayoihitaji hupita juu ya kisu. Inayokatwa huingia ndani ya kisu na kutokea nyuma.

Mwenzangu ndiye aliyemwita Mama. Alikuwa jirani yao, mstaafu wa kiwanda cha viatu, na kazi yake kule ilikuwa hiyo hiyo ya kupunguza kingo za ngozi za juu kabla hazijaenda kwa washonaji. Mimi nilikuwa na shaka kidogo, nakiri, kwa sababu kuendesha mashine na kuitengeneza ni mambo mawili. Na yeye mwenyewe hakujificha. Kiwandani mwendeshaji alikatazwa kugusa skrubu. Mashine ikigoma, unainua mkono, fundi anakuja na sanduku lake, wewe unasimama kando.

"Tulisimama kando," akasema, "lakini macho hatukufumba."

Tulimwamkia, akaitikia, akavua mtandio akautundika msumarini. Mwenzangu akaanza kumweleza habari za rola. Mama akamwacha amalize, kisha akaomba kipande cha ngozi laini, ile ya mbuzi tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya bitana. Nikamwambia bora aanze na ngozi ngumu, maana ile ndiyo angalau ilikuwa inapita.

"Ngozi ngumu inamsitiri kisu butu, mwanangu. Hii laini haina adabu, itasema kweli."

Ikasema. Haikukatwa hata kidogo. Ilivutika, ikajikunja chini ya mguu, ikatafunwa. Mama akazima mota, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akainama na tochi. Hakutazama rola wala mguu. Alimulika mdomo wa kisu na kukizungusha polepole, akitafuta kitu ambacho baadaye alitufundisha kukitafuta: makali yaliyonolewa sawasawa hayarudishi mwanga. Ukiona mstari mweupe unameta kwenye ncha, hapo pamelala. Chetu kilimeta karibu mzunguko mzima.

Tena kulikuwa na pengo. Kila kisu hiki kinaponolewa kinafupika, kwa hiyo mashine ina skrubu ya kukisogeza mbele kuufuata mguu. Aliyekuwa nayo kabla yetu alinoa na kunoa bila kukisogeza, au alikata tamaa tu. Kati ya makali na mguu palikuwa wazi kupita kiasi, wakati panatakiwa pasizidi nusu milimita. Ngozi laini ikifika kwenye pengo kama hilo haina pa kuegemea, inazama. Basi rola unaweza kuikaza mpaka kesho.

"Kila kitu humu kinapimwa kutoka kwenye makali," Mama akasema. "Makali yako wapi? Hujui. Sasa huo mguu unaupangia nini?"

Mwenzangu akanitazama. Nami nilimtazama yeye.

Kabla ya cheche yoyote akatuamuru tusafishe. Mwenzangu alikuwa ameosha vyuma kwa mafuta ya taa siku iliyotangulia na chini ya meza palikuwa na unyevu bado, juu yake vumbi la ngozi na masalia yaliyolowa. Mama alipoinusa ile harufu alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini sana kwamba jiwe la kunolea hutoa moto, baba, na ngozi hii imekaukia miaka. Tulifuta, tukafagia, tukatoa nje hata ndoo ya takataka. Masalia yaliyojibana ndani ya kisu yalitoka kwa ndoana ya waya, mabonge magumu meusi, na nadhani baadhi yalikuwa humo tangu kwa mwenye mashine wa kwanza.

Jiwe lenyewe liko ndani ya mashine, gurudumu dogo linalokaribia kisu kwa upande wa ndani, ambako ndiko kuna mshazari wa makali, ule mteremko unaoishia kwenye ncha. Una kirungu cha kulisogeza. Letu lilikuwa limeng'aa kwa grisi na unga wa chuma, na jiwe linalong'aa halinoi, linachoma. Mama alitaka ile kalamu ya almasi ya kulikwarua, hatukuwa nayo. Akakubali kipande cha jiwe gumu la kusagia, akakishika kwa koleo na kuligusisha lile gurudumu mpaka likageuka la kijivu na la kukwaruza. Kazi ya dakika chache. Vumbi lake lilikuwa baya, tulifunga vitambaa puani na kuvaa miwani.

Sehemu iliyofuata ndiyo niliyoipenda, na bado naifanya vilevile. Aliomba kalamu nene ya wino mweusi, ile ya kuandikia maboksi. Akapaka wino mshazari wote wa ndani, mzunguko mzima. Kisha akawasha mota, kisu kikazunguka, akaanza kusogeza jiwe kwa kirungu, robo ya robo, sikio likiwa limeelekezwa kwenye mashine. Palisikika mguso mdogo, zikaruka cheche chache nyekundu. Akarudisha jiwe nyuma mara moja. Akazima. Akachomoa waya. Tochi.

Wino ulikuwa umefutika nyuma tu, mbali na ncha. Maana yake jiwe lilikuwa linakula kitako cha mshazari na makali yenyewe bado hayajaguswa. Mtu asiyepaka wino huona cheche akadhani amenoa. Kumbe cheche si ushahidi wa chochote isipokuwa kwamba chuma kimekutana na jiwe mahali fulani.

Tukaendelea hivyo, kupaka, kugusa, kuzima, kumulika. Mwenzangu alitaka jiwe likazwe ili tumalize mapema, akazuiwa. Ukilikaza, kisu kinapata joto, chuma chembamba cha ncha kinageuka rangi ya buluu na kulegea, na chuma kilicholegea hakishiki makali tena mpaka uisage sehemu hiyo yote. Tena mgandamizo mkubwa unakifanya kisu kitikisike, nacho kinanolewa kwa mabonde. Kidogo kidogo wino ukawa unafutika karibu na ncha, kisha kwenye ncha, kisha pande zote. Mstari mweupe ukatoweka.

Nikadhani tumemaliza. Mama akapitisha ukucha, kisu kikiwa kimesimama kabisa, upande wa nje, kutoka kwenye bomba kuelekea kwenye mdomo, na ukucha ukanasa. Jiwe linapokula ndani, chuma hujikunja kwa nje na kuacha ukingo mwembamba usioonekana. Ngozi ikipita juu ya ukingo huo inachanika badala ya kukatwa. Akawasha tena, akachukua jiwe dogo laini, bapa, akalilaza nje ya kisu, limelala kabisa, bila kuinua hata kidogo, akagusa tu na kuondoa. Jiwe la ndani likaguswa tena, la nje tena, kila mara mguso mwepesi zaidi. Mkono wake wa kushoto ulikaa mgongoni muda wote huo. Sikumuuliza sababu, ilikuwa wazi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kisu kikasogezwa mpaka makali yakaukaribia mguu bila kuugusa. Rola ikafuata, na hapa niseme mwenzangu alikuwa na haki yake: rola kweli ilikuwa imekaa vibaya, upande mmoja chini kuliko mwingine. Inapaswa kwenda sambamba na mviringo wa ndani wa kisu, karibu sana, lakini isikiguse, kwa kuwa ikikigusa inakula makali uliyotoka kuyanoa. Mama alipima kwa kipande cha karatasi. Karatasi ipite pande zote mbili kwa uzito mmoja. Tuliilegeza skrubu aliyokuwa ameikaza mwenzangu, tukaikaza nyingine, na hakuna aliyesema lolote.

Kipande cha ngozi ya mbuzi kikaingia. Kilitoka kwa nyuma kikiwa na ukingo mwembamba, laini, na masalia yakatoka ndani ya kisu yakiwa utepe mmoja mrefu usiokatika. Mwenzangu alicheka peke yake.

Kupanga kina na upana hakukuchukua muda. Kirungu cha juu kinashusha au kuinua mguu, ndicho kinachoamua ngozi ibaki nene kiasi gani. Skrubu ya pembeni inauinamisha, ukitaka ukingo uishe kwa mteremko au upungue sawasawa kama sakafu. Na kuna kizuizi cha pembeni ambacho ukingo wa ngozi huegemea, hicho ni cha upana. Kwa mfuniko wa mkoba wetu mkunjo ulikuwa wa milimita 10, tukapunguza upana wa 12 ili mkunjo usianguke kwenye kidaraja, pale unene unapobadilika. Unene tuliupima kwa kipimo, 0.7 na ushee. Tukapaka gundi, tukakunja, tukapiga kwa nyundo taratibu. Ukingo ukalala.

Mwenzangu akachukua daftari aandike kila kirungu kimekaa wapi. Mama akamwambia aache. Namba hizo zitakuwa za uongo mara tu kisu kikinolewa tena, kwa sababu kitakuwa kimefupika na kila kitu kitakuwa kimesogea nacho. Kiwandani kwao kila kazi ilikuwa na sampuli yake, utepe wa ngozi uliopunguzwa vizuri, umetobolewa na kutundikwa. Ukibadilisha kazi unachukua sampuli, unapanga mashine mpaka kipande chako kifanane nayo kwa kidole na kwa kipimo. Akakata utepe kutoka kwenye mfuniko wa majaribio, akauandika nyuma kwa ile kalamu ya wino, akautundika kwenye msumari wa mtandio wake.

"Kitakaa makali muda gani, Mama?" nikamuuliza.

"Inategemea mnachopitisha. Ngozi yenye rangi nzito, yenye gundi, itakimaliza mapema. Msingoje itafune. Mkisikia sauti imekuwa nzito, gusisheni jiwe, na jiwe mlirudishe nyuma. Limerudi?"

Mwenzangu akaangalia kirungu. Lilikuwa limerudi.

"Basi leteni hizo za mikono ya mikoba," akasema huku akivuta kiti, "nipitishe mimi kwanza, ninyi mtazame mkono wa kulia tu."