Mrija wa malwa, nusu toni na koo langu lililovuka hamsini

Kampala kila mtu ni daktari wa koo. Kohoa mara moja tu jukwaani, ukishuka unakuta foleni ya waganga: huyu anakuambia umeze mayai mabichi, yule anakuagiza tangawizi na kitunguu saumu, wa tatu anakuvuta pembeni akupe siri kwamba waimbaji wakubwa wote husukutua kwa waragi, ile pombe kali ya Uganda. Nimezisikia dawa hizo tangu zama ambazo ukisema unaimba roki Uganda watu walikuuliza kama nyumbani wanajua. Mimi ni mtoto wa kambi, baba alikuwa askari Jinja, Kiswahili ndicho tulichogombania nacho mpira, na roki niliipata kwenye kaseti za kuazima. Sasa nimevuka hamsini, bado naimba, na vijana wa bendi wananijia baada ya shoo: "Mzee, unatumia nini?" Wananiuliza spika zikiwa bado zinanguruma, na kujibu kwa kupaza sauti katikati ya kelele zile kunaumiza koo kuliko kuimba kwenyewe. Kwa hiyo naandika.

Nianze na waragi ili tumalizane nayo. Mpiga gitaa wetu, rafiki yangu wa tangu ujana na mshauri wangu mbaya kuliko wote, alinisumbua sana na dawa hiyo. Usiku mmoja Mbarara, koo limeshakauka, nikaamua kumpa nafasi athibitishe. Funda la kwanza: moto. La pili: koo limekufa ganzi, na hapo ndipo ulipo utamu wake, kwa sababu husikii maumivu yoyote. Nikaingia seti ya pili na mayowe yangu yote ya ujana. Watu wamepanda juu ya viti, mpiga gitaa ananikonyeza kila ubeti ukiisha. Asubuhi nilipofungua mdomo kuagiza chai, sauti ilitoka kama bawaba ya lango isiyoonja mafuta tangu Uhuru, na mhudumu akaniletea soda. Maumivu ndiyo yanayomwambia mwimbaji aache kusukuma. Ukiyaua, utasukuma tu. Mpiga gitaa yeye alitoa hukumu kwamba nilisukutua kidogo mno.

Mayai hata sikujaribu. Yai hupita njia ya chakula, na nyuzi za sauti zimo njia ya hewa. Likizigusa kweli hutaimba, utakohoa hadi machozi. Ndivyo ilivyo hata kwa maji: hayalainishi nyuzi yakipita, yanazifikia baada ya kuzunguka mwilini, ndiyo maana kugugumia chupa nzima dakika tano kabla ya kupanda jukwaani hakukupi kitu zaidi ya kukojoa katikati ya solo. Maji hunywewa tangu asubuhi.

Kilichonipata mimi kilikuja polepole. Nilipokuwa na miaka thelathini, ile noti ya A ya juu niliichukua bila kufikiri. A hiyo ni mitikisiko 440 kwa sekunde, yaani nyuzi mbili ndogo, zisizozidi sentimita mbili na nusu kwa mwanamume, zinagongana mara 440 kila sekunde ninayoishikilia huku mpiga dramu akishindana nami. Nilipokaribia hamsini ikaanza kuchagua siku. Alhamisi inakuja, Jumamosi haiji. Kisha sehemu ya katikati, ambayo sikuwahi hata kuiwazia, ikaanza kukatika katika nyimbo za polepole. Cha ajabu mayowe yalibaki. Kilichoondoka kwanza ni noti za juu zinazoimbwa kwa upole.

Nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ilinigharimu laki moja na ushee hivi. Alipitisha kamera nyembamba puani, akageuza skrini nijionee: mikanda miwili iliyopaswa kuwa myeupe ina wekundu, kingo zimevimba, na huku nyuma pamewiva kwa asidi inayopanda kutoka tumboni usiku. Vinundu vya kwenye nyuzi hakuna, alhamdulillahi. Akanieleza kwamba uzi uliovimba ni mzito, unatikisika taratibu zaidi, na unahitaji pumzi nyingi ili uanze kutikisika. Ndiyo maana kwa nguvu niliweza, kwa upole nikashindwa. Uzee nao una yake: misuli ya nyuzi hupungua, gegedu za koo hugumu, mapafu hupoteza mvutano wake. Wanawake wakishakoma hedhi sauti zao mara nyingi hushuka. Wanaume wakizeeka sana, sauti huelekea kuwa nyembamba na kupanda. "Lakini wewe bado hujafika huko," akasema, "wewe unaharibiwa na barabara."

Barabara! Hapo aligusa penyewe. Watu hudhani shoo ndiyo kazi. Shoo ni saa mbili. Kazi ni kutoka Kampala hadi Arua, siku nzima dirisha liko wazi, kiangazi, vumbi linaingia hadi kwenye meno, na nyie humo ndani mnabishana kuhusu mpira kwa sauti ya kuushinda mngurumo wa injini. Sikio likizidiwa na kelele, mdomo hupandisha sauti wenyewe, hujui hata kama unafanya hivyo. Ukifika, koo limeshaimba shoo nzima bila malipo. Halafu usiku wa manane, mnarudi kutoka Mbale au Jinja, gari linasimama Namawojjolo, dirishani zinaingia vijiti vya kuku na gonja ya moto, zile ndizi za kuchoma, na nani atakataa? Unakula, unaegemeza kichwa kitini, unalala tumbo limejaa, na asidi inaanza safari yake. Sasa mimi hula mapema, kabla ya shoo, na Namawojjolo nanunua kuku wangu nimfunge kwa ajili ya asubuhi. Wenzangu huwa wananiibia.

Mrija ndio ninaojivunia zaidi. Zoezi lenyewe si langu: waalimu wa sauti huko nje wanalitumia sana, na mtaalamu wa Marekani Ingo Titze ndiye aliyelisambaza. Unaimba kupitia mrija mwembamba, au unapuliza sauti ndani ya maji. Hewa ikibanwa mbele ya mdomo, mgandamizo unarudi nyuma na kuzitenganisha nyuzi kidogo, kwa hiyo zinatikisika bila kugongana kwa nguvu. Mirija ya soda ya madukani nilijaribu, mipana mno na inasinyaa. Jioni moja tumekaa kwenye kilabu cha malwa, pombe ya ulezi, wazee wamezunguka chungu, birika la maji ya moto linapita, kila mtu na mrija wake mrefu mdomoni, nikautazama ule wangu. Mgumu, mwembamba, mrefu hata kupita kiasi. Nikatumbukiza ncha kwenye glasi ya maji ya kunywa, nikapuliza "uuu" kutoka chini hadi juu.

Kilabu kizima kikanyamaza. Mama mwenye malwa akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, wenzako wanavuta, wewe unapuliza?" Nikamwomba aniuzie. Akakataa fedha mpaka nilipomweleza ni dawa ya koo, hapo akapandisha bei, elfu mbili au tatu. Nyumbani nikakikata kile kichungio kilichofumwa nchani, maana kinafanya povu tu, na mrija nikaufupisha hadi shubiri moja na nusu hivi. Ncha izame maji kama upana wa vidole viwili, usizidishe. Dakika chache asubuhi, chache kabla ya shoo, na chache baada ya shoo, ambazo watu huzipuuza wakati ndizo zinazolirudisha koo chini. Nafanyia hata garini. Askari wa barabarani karibu na Karuma aliwahi kuninyang'anya chupa, akainusa, akanusa mrija, akaninusa na mimi, kisha akamwita mwenzake aje aone mtu anayelewa kwa maji.

Kupima uvimbe ni bure: ukiamka, imba wimbo wowote wa watoto kwa sauti ndogo kabisa, juu kabisa. Ukikatika mahali ambapo jana hukukatika, leo nyamaza. Na kunyamaza maana yake si kunong'ona. Wengi wakinong'ona hulikaza koo kuliko wakiongea kawaida.

Yote hayo yalinirudishia upole wa katikati. Ile A haikurudi, na dawa yake ilikuwa moja tu: kushusha nyimbo. Mpiga gitaa akagoma kabisa. "Wimbo wa E ni wa E, ndugu yangu. Ukiuhamisha, nyuzi zangu huru, zile ninazopiga bila kuzibana, zimekwenda." Nikamwambia basi tushushe nyuzi zote za magitaa nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti, vidole vyake vibaki palepale. Akasema hiyo ni kukiri uzee hadharani.

Huyu bwana ana kiburi kimoja: hatumii kipima sauti. Hutega nyuzi zake kwa kusikiliza kinanda, akisema sikio lake ndilo mashine. Basi binti anayepiga kinanda, ambaye huniita Anko na hunichezea akili kama anko wa kweli, akanitazama nami nikamtazama. Kile kinanda kina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Fort Portal, kabla ya shoo, akakibonyeza: nusu toni chini. Mzee wa besi tukamwingiza njama, yeye akatega kwa kipima chake pembeni. Mpiga gitaa akaja, akaomba E, akapewa E ambayo kwa kweli ni E bemoli, yaani E iliyoshushwa nusu toni, akatega nyuzi moja baada ya nyingine akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Jamani niliimba. Kila noti ilikuwa mlangoni inanisubiri. Katikati ya shoo akanisogelea: "Nyuzi leo zimelegea, ni baridi hii ya Rwenzori." Baridi hukaza nyuzi, hailegezi, lakini sikumsahihisha. Tukimaliza akanikumbatia mbele za watu: "Umesukutua, eeh? Nilikuambia!"

Tuliendelea hivyo msimu mzima, hadi harusi moja Jinja ambako alimwalika mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa. Masikini yule kijana. Wimbo wa kwanza, tarumbeta iko mahali pake na sisi sote tuko nusu toni chini. Ilikuwa balaa. Mpiga gitaa anamkazia macho, kijana anavuta bomba la kutegea, analivuta tena mpaka karibu litoke, jasho linamtiririka. Wimbo ulipokwisha mpiga gitaa akamwuliza mbele ya bi harusi kama alijifunzia tarumbeta kwenye simu. Binti wa kinanda akaangua kicheko mpaka akaegemea kinanda, nacho kikatoa kelele ya aibu yake. Siri ikaisha hapo. Kijana nilimlipa mwenyewe, na nikamwongezea.

Mpiga gitaa alininunia safari nzima ya kurudi, nami sikuwa na haraka, nilikuwa napuliza maji yangu. Tulipofika Mukono nikamkumbusha mashujaa wake. Led Zeppelin walipokutana tena London Desemba 2007, nyimbo kadhaa walizipiga chini ya ufunguo wa zamani ili mwimbaji wao Robert Plant aweze, na mpiga gitaa wao Jimmy Page, ambaye rafiki yangu anamwabudu, hakugoma. Elton John alifanyiwa upasuaji wa koo 1987 akatoka na sauti nzito zaidi na kazi ikaendelea. Jon Bon Jovi alipasuliwa nyuzi za sauti mwaka 2022, mwenye umri wa miaka sitini, na upasuaji haukumrudishia sauti kesho yake. Na Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mtoto wa Unguja, aliyezaliwa 1946, alisumbuliwa na vinundu akiwa kijana kabisa. Sikiliza rekodi zake za jukwaani, mara ngapi anaikwepa noti ya juu na kupita chini yake, na uwanja mzima bado unamshangilia. Akanijibu, "Freddie hakuniibia nusu toni." Nikajua amekubali.

Mengine ni ya kujiokoa tu. Kwenye baa zisizo na monita, zile spika za mwimbaji kujisikia, naziba sikio moja kwa kizibo cha sponji, najisikia ndani ya fuvu, siongezi sauti. Nyimbo ngumu siziweki mwanzo wala mwisho, naziweka za tatu au nne, koo likiwa limeshapata moto na halijachoka. Baada ya shoo nasalimia watu nje, kwenye maegesho, si pale chini ya spika. Na usiku mmoja kati ya shoo na shoo ni lazima, hata promota alie.

Sasa mwaka huu nimeomba tushuke nusu toni nyingine. Mpiga gitaa amekubali kwa sharti: kwa ulegevu huo anahitaji nyuzi nene, na anayezeeka ndiye anayelipa. Nimeshanunua seti moja, elfu themanini na kitu. Anadai ya akiba.