Kuoka pande zima la nyama ya ng'ombe kwa siku kubwa

Familia inapokuwa na siku yake kubwa, iwe ni maadhimisho ya ndoa ya wazazi au mahafali ya mtoto, hupenda kuoka pande moja kubwa la nyama ya ng'ombe badala ya kupika vyakula vingi vidogo. Sehemu kubwa ya kazi hukamilika kabla wageni hawajafika, na mpishi anabaki na utulivu wa kuwakaribisha. Wengi wakiniuliza huulizia viungo kwanza. Viungo vina nafasi yake, lakini ninaamini kabisa kwamba ulaini na utamu wa nyama hii huamuliwa na chumvi iliyopakwa mapema, moto wa polepole na kipimajoto.

Uchaguzi wa nyama unastahili kufikiriwa vizuri. Misuli ya mgongoni, yaani sarara na nyama inayoshikana na mbavu karibu na uti wa mgongo, haifanyi kazi nzito mnyama anapotembea, kwa hiyo ni laini kwa asili na inafaa kuokwa. Bega, shingo na kidari vina kolajeni nyingi, yaani protini ngumu inayoshikilia misuli, ambayo hugeuka jelatini laini taratibu sana, joto la ndani likiwa limepita nyuzijoto 70 na kuendelea kupanda kwa saa kadhaa. Sehemu hizo zina ladha kubwa, ila zinahitaji sufuria iliyofunikwa na maji kidogo. Mimi huchagua nyama ya mbavu, kwa sababu mafuta yake yamepenya katikati ya nyama na si juu tu. Kwa nyama isiyo na mfupa, gramu 300 mbichi kwa kila mtu zinatosha, na ni vizuri kumwomba mwenye bucha alifunge pande kwa uzi wa pamba ili liwe na unene mmoja kutoka ncha hadi ncha.

Siku moja kabla, ninalikausha kwa karatasi safi, ninalipaka chumvi kiasi cha gramu 10 hadi 12 kwa kila kilo, kisha ninaliweka kwenye friji juu ya wavu, bila kulifunika. Hatua hii haigharimu chochote, na ndiyo ambayo singekubali kuiacha. Mwanzoni chumvi huvuta maji ya nyama hadi juu. Maji hayo huiyeyusha, na baada ya saa kadhaa mchanganyiko huo hurudi ndani, ukaikoleza nyama na kuiwezesha kushikilia maji yake wakati wa kuiva. Hewa baridi ya friji nayo hukausha ngozi ya nje. Ukavu huo una umuhimu wake, kwa kuwa maji hayapiti nyuzijoto 100 katika mazingira ya kawaida, ilhali rangi ya hudhurungi na harufu ya nyama ya kuokwa hupatikana haraka joto la juu ya nyama linapokaribia nyuzijoto 140 na zaidi. Mabadiliko hayo yanabeba jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeyaeleza mwaka 1912. Nyama yenye majimaji juu hulazimika kwanza kuyamaliza kabla haijaanza kupata rangi.

Siku yenyewe ninawasha oveni kwa nyuzijoto 120 tu. Moto mkali huivisha nje kupita kiasi kabla katikati hakujapata joto, ukabaki na ukingo mpana wa nyama ya kijivu iliyokauka. Moto mdogo huivisha pande karibu sawasawa. Pande la kilo 3 huchukua takribani saa 3, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa unene, mfupa na oveni yenyewe hubadilisha hesabu. Ndiyo maana siamini jedwali la dakika kwa kilo. Ninachoma kipimajoto hadi katikati, mbali na mfupa, na kulitoa likiwa nyuzijoto 52 nikitaka nyama yenye rangi ya waridi, au 65 kwa wanaopenda iliyoiva kabisa, nikijua kwamba joto litapanda kidogo baada ya hapo. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya ng'ombe isiyosagwa ifike nyuzijoto 63 kisha ipumzike kwa dakika 3, na panapokuwa na wajawazito, wazee au watoto wadogo mezani ninafuata kiwango hicho. Majimaji mekundu yanayotoka si damu. Ni maji ya nyama yenye mayoglobini, protini inayoipa nyama rangi yake.

Pande likitoka ninalifunika kwa wepesi na kuliacha kwa nusu saa, muda ambao oveni inapanda hadi nyuzijoto 250. Kisha ninalirudisha kwa dakika 6 hadi 10, hadi gamba la nje liwe kahawia na kuanza kuchuruza mafuta. Wapo wanaoanza na moto mkali wakiamini unafunga vinyweleo ili maji yasitoke. Dhana hiyo ilienezwa katika karne ya 19 na mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, nayo si kweli: moto mkali huleta rangi na ladha, lakini hauzuii maji kutoka. Ukiuweka mwishoni, gamba hufika mezani likiwa bado kavu na lenye kutafunika vizuri.

Mchuzi ninautengeneza nyama inapopumzika. Ninaondoa kwenye trei mafuta yaliyozidi, ninaongeza supu ya mifupa, ninakwangua yote yaliyogandia chini na kuyachemsha hadi yapungue. Pilipili manga na kitunguu saumu kilichookwa vinatosha. Kisu kiwe kikali, na kikate kwa kukingama nyuzi za nyama, kwani nyuzi fupi hutafunika kwa urahisi hata kipande kikiwa kinene. Ninakata kwa awamu, kadiri sahani zinavyopita, ili nyama iliyobaki isipoe. Mabaki yanaingia kwenye friji kabla ya muda wa saa 2 kupita tangu nyama itoke kwenye oveni, yakiwa pande zima lisilokatwa, na kesho yake hukatwa membamba yakiwa baridi, huku mifupa ikienda moja kwa moja kwenye sufuria ya supu.