Matatu Ilipochemka Mlima wa Tambach

Nauli ya Nakuru hadi Iten tuliambiwa mia tano. Tulipofika Marigat makanga akadai mia moja zaidi, eti mbele kuna mlima. Nililipa kwa uchungu, magoti yangu yamebanwa kwenye kiti cha mbele tangu stendi. Kabarnet tukaipita, tukavuka mto Kerio kwenye joto lisilo na upepo, tukaanza kupanda Tambach.

Hatukufika mbali. Mvuke ulitoka chini ya boneti, makanga akaruka na jiwe kulikinga gurudumu la nyuma. Dereva alikizungusha kifuniko cha rejeta kwa shati lake, maji yenye kutu yakaruka hadi kwenye kioo. Tukakaa pale karibu saa mbili, watoto wakilia, abiria wakidai nauli yao.

Aliyetuokoa ni mzee aliyepanda kutoka shambani na jerikeni ya maji.

"Chamgei, kijana wangu. Hata magari ya Safari Rali yalikuwa yakichemka hapa."

Nilisahau hasira zote. Akanielekeza kwa fimbo mwamba uliokuwa juu ya kona. Wakati wa Pasaka, mashindano hayo ya magari yalipopita hapa kabla ya lami, yeye na wenzake walikuwa wakilala juu yake. Usiku waliona taa kule ng'ambo, Kabarnet, zikishuka na kupotea bondeni. Muda mrefu giza tupu. Kisha mngurumo, na gari lenyewe likatokea limejaa tope hadi namba haisomeki.

"Wageni walipunguza gia wakishaingia kwenye kona, wakazimikiwa. Wenyeji walipunguza kule chini, mfereji unapokata barabara. Tulijua nani ni nani kwa kusikia tu."

Nikamtajia Joginder Singh, dereva wa rali.

"Huyo ni wa Kericho," akasema, kama anayemtaja jirani.

Ni kweli, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alishinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo, pamoja na ndugu yake Jaswant, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hizo nilizijua tangu utotoni. Nyumbani kwetu Nakuru redio haikuzimwa Pasaka nzima, na mimi nilikuwa na gari langu la waya lenye namba niliyoiandika kwa mkaa. Marehemu baba alipenda kutukumbusha mwaka 1968: magari 93 yaliondoka, mvua ikanyesha, yakamaliza 7 tu, na Nick Nowicki akashinda kwa Peugeot 404 kama alivyoshinda 1963. Baba alizitaja namba hizo taratibu, kama anayehesabu watoto wake.

Tangu mashindano ya dunia ya rali yarudi Kenya mwaka 2021, watu humiminika Naivasha na Elmenteita, nami huenda. Lakini pale kwenye kona ya Tambach sikuona hata kibao kimoja. Kijana aliyekaa kando yangu, mzaliwa wa Iten, alikuwa akiisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Iliniuma sana. Wazee walioushuhudia mlima huu wanaondoka mmoja mmoja.

Rejeta ikajaa. Nilimpa mzee shilingi mia mbili, akaukunja mkono wangu juu ya noti.

"Mwambie dereva arudi nyuma kidogo. Aanzie kwenye mfereji."

Nikamwambia. Akarudi nyuma, akaweka gia ya kwanza pale pale, tukapanda.