Mmekuja kuona nini?

Kabrasha la kikao lilinifikia saa mbili usiku, na kikao chenyewe ni kesho yake asubuhi. Katikati nikakuta almanaka mpya ya chuo chetu: wiki ya mafunzo kwa vitendo imeondolewa Machi, imepelekwa Septemba. Pembeni ya ajenda pameandikwa "kwa taarifa". Maana yake tusome, tufunike.

Mimi nafundisha mazao. Aliyeishi Dodoma anajua Septemba ilivyo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Machi mtama na uwele vimesimama, unamwonyesha mwanafunzi suke, unamwonyesha gugu la kiduha linavyonyonya mizizi ya mtama. Septemba ni vumbi, na ng'ombe wameshapitishwa kwenye mabua.

Tulikwenda hivyo hivyo. Huko Chamwino, mzee mwenye shamba, ambaye tumezoeana naye miaka mingi, aliitikia "mbukwenyi" zetu, salamu ya Kigogo, akalitazama basi, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, mmekuja kuona nini?"

Sikuwa na jibu. Niliokota bua kavu lenye tundu la funza, nikalipasua kwa kucha, nikawaonyesha njia aliyopita mdudu. Vijana wakasogea, wa nyuma wakisimama kwa ncha za vidole. Somo la wiki nzima likawa bua moja.

Aliyepanga almanaka hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akioanisha ratiba na fedha za mafunzo, na hizo kweli huchelewa. Ila angemuuliza mwalimu mmoja tu wa idara yetu, angejibiwa kabla chai haijapoa. Ndiyo maana vyuo vina vikao vya idara, bodi za vitivo, kisha seneti, chombo cha juu cha taaluma: jambo la taaluma lianzie kwa anayelifundisha, lipande. Kwetu siku hizi linashuka.

Mwaka 1990 jumuiya za wanataaluma nchini zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma. Lilitamka kwamba wanajumuiya wote wa chuo wana haki ya kushiriki kuendesha mambo yake, ya taaluma na ya utawala pia. Wenzetu wale waliona mapema, na inaniuma kwamba wengi wetu hatujawahi kulisoma.

Na sisi tuna kosa letu. Vikao viwili vya idara mwaka huu vimeahirishwa kwa kukosa akidi. Mmoja ana kazi ya ushauri, mwingine anasahihisha mitihani, mwingine hakujibu simu. Kiti kikiwa kitupu, utawala utaamua peke yake, na barua itakuja.

Nimeandika waraka wa kurasa mbili: wiki ya vitendo irudi Machi, makabrasha yatufikie siku saba kabla, na kamati ya almanaka iwe na mwalimu kutoka kila idara. Nimeomba uingie kwenye ajenda kwa uamuzi. Kikao ni Alhamisi saa nne. Wenzangu wa idara mnaosoma hapa, nawaomba sana mje. Tunahitaji watu tisa ili akidi itimie, na hadi jana usiku waliothibitisha ni sita.