Mchawi wa kazini kwetu
Jamani huku Uingereza kuna dada nafanya naye kazi, juzi kaniambia yeye ni mchawi, nikacheka nikijua utani kumbe yuko siriasi, anafuata dini inaitwa Wicca, wafuasi wake wengi hujiita wachawi. Mi nimekulia Tanga, mtu hajitangazi hivyo halafu akae ale lanchi kwa amani! Nikamuuliza we unaroga watu? akasema hapana, kwao kumdhuru mtu ni mwiko, wana mungu wa kike na wa kiume, na sikukuu 8 kwa mwaka, 31 Oktoba ndo wanawakumbuka wafu wao. Na wala si dini ya kale kivile, Mwingereza mmoja, Gerald Gardner, kaitangaza miaka ya 1950 baada ya sheria ya uchawi ya huku Uingereza kufutwa 1951. Akanipa biskuti zake za mdalasini. Nimezila, ila bismillahi nilisoma mara 3 😂