Kadi za Idi za karatasi ya kioo, na herufi R 15 zilizonitoa jasho

Kumi la mwisho la Ramadhani nilijitia kiherehere nikachukua oda ya kadi 15 za Idi za mkono, zile za karatasi inayong'aa mpaka ukiitazama unaona meno yako. Bei nikataja elfu tatu tatu bila hata kupiga hesabu, maana nilikuwa nimeshatengeneza mbili za manila na glita zikasifiwa, nikajiona fundi.

Karatasi niliifata Kariakoo, nikashuka na mwendokasi pale Msimbazi, jua lile na swaumu juu, shiti za goldi na silva zikala kama elfu saba hivi, manila sikumbuki. Nikamuuliza muuzaji hii inashika na gundi gani, akasema "dada, gundi ni gundi tu". Kaka yangu popote ulipo, Mungu anakuona.

Usiku baada ya tarawehe nikapaka gundi nyeupe ya maji kwenye kadi mbili za majaribio, nikalala kwa amani. Asubuhi manila imejikunja kama kaukau na kioo kinateleza juu yake bado kibichi. Kumbe uso wa ile karatasi ni plastiki, maji ya gundi hayana pa kutokea, yanajaa kwenye manila inavimba. Jirani akanambia si upige pasi tu, weka kitambaa juu. Nikapiga. Ikasinyaa yote ikawa kama ngozi ya kuku ya kukaanga. Kuanzia siku hiyo ushauri wa dirishani siupokei.

Dawa ni selotepu ya pande mbili, basi. Na hapa nina ujanja wangu: unaibandika nyuma ya shiti nzima kabla ya kukata kitu, ile karatasi yake ya juu huibandui, unachora juu yake kwa penseli, ukikata herufi inatoka na gundi yake kama stika. Nilivoigundua hiyo nilijipongeza peke yangu chumbani. Kujipongeza mapema nako kubaya.

Nikatengeneza kiolezo cha EID MUBARAK kwa boksi la maziwa, herufi kumi, mara kadi 15, yaani herufi 150, kila moja kama sentimita mbili, nikachora zote nyuma nikaanza kukata kwa wembe na mkasi wa kucha. Usiku wa kwanza mpaka daku. Usiku wa pili mpaka daku, kidole cha shahada kimeshaota sugu. Nikazimwaga mkekani nizipange nifurahie, nikaona E inatazama kushoto. Nikachukua K, nayo imegeuka. Nimechora nyuma, nimekata nyuma, mbele zote zimetoka kinyume! Mama alipita akachungulia akasema "mwanangu, hizi kadi unawatengenezea majini?" Nikacheka huku machozi yananitoka kweli.

Mwokozi wangu alikuwa mpwa wangu wa darasa la tatu, alikuwa anazichezea pale mkekani akanambia "Ma'mdogo, hii D ukiizungusha miguu juu si inakuwa D?" Nikaizungusha. Ikawa D! Nikajaribu E, ikakubali, B ikakubali (tumbo kubwa limekwenda juu kidogo ila nani atapima), K ikakubali. I, M, U na A zenyewe hazina kushoto wala kulia, hata ukizikata kinyume ziko vilevile. Kati ya herufi zote iliyogoma ni R peke yake, uizungushe uilaze, R ile ni mbishi. Basi nilikaa nikaanza kuchunguza alfabeti nzima kama mwanasayansi: MOHAMED unaweza kumkata kinyume umefumba macho na akatoka mzima, HAMIDA pia, ila NASSORO ni msiba, N, S na R zote hazigeuziki. Ingekuwa HERI YA KRISMASI nadhani ningerudisha hela ya watu.

Kwa hiyo sasa kiolezo nakilaza kifudifudi ndio nachora. Kitu kidogo hivo na hakuna aliyenambia.

Ah, na kuandika jina la mtu juu ya kioo biki haishiki, tumia maka peni, ukikosea unafuta na spiriti kidogo kwenye pamba. Na nawa mikono jamani, mi kuna moja niliishika nimetoka kuchoma sambusa, alama za vidole zikakaa pale kama za polisi. Ya picha ya status ndio nisiseme, niliipiga kadi imesimama wima, ikatoka nzuri, ila ndani ya goldi nipo mimi nimevaa dera na kichwani rola. Watu 40 walishaiona.

Zile R nilizikata upya, lakini goldi ilikuwa imeisha na kurudi Kariakoo sikuwa na nguvu, nikazikata za silva. EID MUBARAK yote goldi, R silva. Nikapeleka kimyakimya moyo unadunda. Mteja akaishika, akaiangalia, akasema "hiyo R ulivyoitofautisha, una jicho wewe". Nikamwambia ndio staili yangu. Idi ya Mfungo Tatu kaagiza 30, na kasisitiza R iwe ya silva.